Tanzia ya Lazar wa Winchi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, kompyuta mpya ya kaunta iliiona kompyuta ya chumba cha nyuma lakini haikuweza kuingia ndani yake. Jina lake lilikuwa pale kwenye skrini. Kalin alilibofya, na Windows ikamjibu kwa adabu kwamba hana ruhusa. Akabofya tena. Ikamjibu vilevile.

"Imekataa?" aliuliza mama yake, Zdravka, mdomo umejaa mkate wa jibini.

"Haijakataa. Inataka kujua nani anabisha hodi."

"Iambie ni Zdravka. Kwani nani mwingine anataka kuingia kwenye duka langu saa hizi?"

Duka lilikuwa na majeneza, misalaba na maua ya plastiki, lakini mji wa Lom ulilijua zaidi kwa tanzia zake: karatasi yenye ukingo mweusi, picha, jina, miaka ya marehemu, siku na saa ya mazishi. Hubandikwa mlangoni kwa marehemu, kwenye kituo cha basi, dukani kwa mkate, kwenye lango la soko. Mtu akitoka kununua maziwa ndipo anapojua nani ameondoka na anazikwa lini. Zdravka huziandika kwenye kompyuta ya kaunta, na kaka yake, Valko, huzichapa chumba cha nyuma, iliko printa kubwa.

Kompyuta ya chumba cha nyuma ilikuwa kazi ya Kalin. Ilikuwa kuukuu, haibebi kitu kizito, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, na kuiunganisha na printa. Ndani yake alitengeneza folda moja ya kutumiwa na wote wawili, akaiita Marehemu. Kompyuta ya zamani ya kaunta ilikuwa inaingia humo kama mgeni, bila jina wala neno la siri. Ijumaa ilikufa. Kalin, ambaye kazi yake huko Sofia ni mitandao ya kampuni, alikuja na mpya, na Windows hii mpya haikubali kuingia mahali ambapo haikuulizwa jina. Hilo alilijua tangu Ijumaa. Jumapili alilala mpaka mchana. Sasa basi lake la kurudi Sofia lilikuwa linaondoka saa tano, na mguu wake wa kulia haukutulia chini ya kaunta.

Kengele ya mlango ikalia. Aliingia bibi mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani, amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Rusanka," Zdravka alisema, akaweka mkate chini. "Yarabi. Lazar?"

"Jana alfajiri. Nilimwambia amka, kahawa inapoa. Nikarudi kumgombeza." Akatoa picha kwenye mfuko. "Padri ana nafasi leo saa nane tu. Binti yetu yuko Valencia, ndege mpaka Jumatano. Nimemwambia asihangaike, baba yake hawezi kumngojea."

"Pole, shangazi," Kalin alisema.

"Asante, mwanangu. Zdravka, sikiliza. Lazar hakuwa mtu wa hapa, unajua. Kwao ni mbali, na waliobaki huko hawatembei tena. Watu wake ni wale wa bandarini, wa winchi. Wamestaafu, kila mmoja yuko kwake. Namba zao za simu alikuwa nazo kichwani, kaondoka nazo. Wasiposoma ukutani hawatajua. Nitasimama pale mimi na Padri."

"Kufika saa nne mji mzima utakuwa umesoma."

"Nawajua watu wa leo, wanaahidi tu. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwenye duka lile la karibu na kituo."

Aliondoka bila kukaa. Kalin alisema kwamba tanzia ingewekwa pia kwenye ukurasa wa mji, kwenye simu, dakika moja tu. Mama yake hakumtazama.

"Weka. Wanaosoma kwenye simu wanabonyeza kile kiuso kinacholia, kisha wanaendelea kula. Anayesoma mlangoni ndiye anayekuja na maua. Wewe fungua hicho kitu chako."

Kalin akaenda nyuma. Mjomba Valko alikuwa ameketi dirishani na sigara, mkono mmoja nje kwa ajili ya moshi.

"Nasikia dada yangu sasa anahitaji pasipoti kuja chumbani kwangu."

"Anahitaji jina na neno la siri, mjomba."

"Miaka yote hii amekuwa akiingia kwa kupiga kelele."

Kalin alimwandikisha mtumiaji mpya kwenye Linux, zdravka, akampa neno la siri. Akarudi kaunta, akajaribu. Akakataliwa. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, akasimama katikati ya duka akiwa ameshika kichwa, kisha akakumbuka. Linux kumjua mtu hakutoshi. Samba, programu inayoiwezesha Linux kuelewana na Windows, ina orodha yake yenyewe ya watu na maneno yao ya siri, na usipomwandikisha mtu humo, kwake hayupo. Alirudi nyuma karibu anakimbia.

"Umesahau nini?" Valko aliuliza.

"Sijasahau."

"Basi umekuja kunisalimia."

Alimwandikisha, akarudi kaunta, na safari hii folda ikafunguka. Zdravka akatoa sauti ya mtu aliyeona mlango wa lifti ukifunguka. Kalin alifanya anachofanya siku zote baada ya kufungua folda: akatengeneza faili jipya, akaliita jaribio, akaandika neno moja ndani yake, akalihifadhi.

"Mjomba! Unaona jaribio?"

"Naliona!"

"Lifungue!"

"Limeandikwa 'habari'. Nzuri, na wewe!"

Kalin akalifuta. "Kazi imekwisha," alisema. "Mama, andika. Ukimaliza hifadhi kwenye folda, mjomba atachapa kutoka kule. Mimi namalizia printa, ili baadaye uweze kuchapa mwenyewe hapa hapa."

Akashuka chini ya kaunta kufuata waya. Printa ilionekana kwenye mtandao, lakini Windows ilidai programu ya kuiendesha, na programu hiyo ilikuwa inashuka kutoka kwenye mtandao kwa mwendo wa konokono. Aliangalia saa, akaangalia kile kimstari cha kijani kisichosogea, akaangalia saa tena.

Juu yake Zdravka alivaa miwani, akafungua folda Marehemu, akafungua faili lililoitwa tanzia. Lilikuwa na Mwalimu Evdokia, tanzia ya kumbukumbu ya siku arobaini tangu afe, iliyochapwa Alhamisi. Akafuta jina la mwalimu, akaandika la Lazar. Akafuta miaka, akaandika miaka. Akatoa picha, akaweka picha. Chini ya "alikuwa" akaandika "mwendesha winchi wa bandari ya Lom". Akabonyeza kuhifadhi.

"Kimetoka kidirisha," alisema.

"Kinasemaje?" Kalin aliuliza kutoka chini.

"Kirefu."

"Bonyeza sawa."

Akabonyeza. Kidirisha kikaondoka. "Valko! Tayari! Karatasi arobaini!"

Chumba cha nyuma printa ikaanza kunguruma, ikitema karatasi moja baada ya nyingine, uso chini. Stamena, mbandikaji, alikuja na baiskeli yake kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akachukua furushi kwa Valko, akalitia kwenye mfuko kwa sababu ya manyunyu, akaenda. Kaunta walisikia tu mlango ukijibamiza.

Saa tatu na nusu printa ya mtandao ilikuwa bado. Saa nne Kalin alizima, akawasha, akaanza upya. Alikunywa kahawa ya pili akiwa amesimama. Mama yake alimwambia akae, akakaa, akasimama.

"Una nini wewe? Una viroboto?"

"Basi ni saa tano."

"Kuna la saa kumi."

"La saa kumi linafika usiku, na kesho nina kikao."

"Basi fungasha, nenda. Printa nitaipigia kelele."

Saa nne na nusu simu ya duka ililia. Zdravka akaipokea, na Kalin, aliyekuwa anakunja waya wa kompyuta yake, alisikia sauti ya mwanamke upande wa pili, nyembamba lakini ya wazi kabisa.

"Zdravka. Nimetoka kumwaga taka. Mlangoni kwangu kuna Mwalimu Evdokia."

"Kuna nani?"

"Mwalimu Evdokia. Siku arobaini. Wa kwangu yuko wapi?"

Zdravka aliibana simu kifuani, akamtazama mwanawe, kisha akairudisha sikioni. "Nakupigia sasa hivi," alisema. "Sasa hivi, Rusanka."

Walikutana wote chumba cha nyuma. Stamena ndiyo kwanza alikuwa amerudi, anakung'uta koti.

"Valko, umechapa nini?"

"Nimechapa kilichokuwamo kwenye folda. Tanzia. Faili la tanzia ni hilo moja."

"Na macho yako yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa hapa! Nimemwona mwalimu. Nikasema mvua ya jana imebandua zake, familia imeagiza nyingine. Si mara ya kwanza."

"Na wewe, Stamena? Umebandika arobaini, hata moja hukusoma?"

"Nimesoma. Nimefikiri kama yeye. Na usinikazie macho, Zdravka, mimi nabandika, sihakiki."

"Mwanamke amefiwa, unambandikia mwalimu mlangoni!"

"Si nilipewa orodha ya milango? Ungeniambia kwamba..."

"Ngojeni," Kalin alisema. "Ngojeni kidogo. Kwanza tujue kilichotokea."

Akaketi kwenye kiti cha mjomba wake, akaangalia faili lenyewe. Lilibadilishwa mara ya mwisho Alhamisi jioni. Kwa hiyo asubuhi hii hakuna kilichoandikwa juu yake. Akaangalia mmiliki. Mgeni. Akaangalia mafaili mengine ndani ya folda: mgeni, mgeni, mgeni, yote tangu siku ya kwanza. Hapo akaona lote. Kila kilichowekwa humo wakati Zdravka anaingia bila jina kilikuwa mali ya mgeni. Sasa alikuwa na jina. Kwa jina hilo angeweza kusoma vya mgeni, na angeweza kuweka vyake vipya, lakini kuandika juu ya cha mgeni hapana. Na jaribio lake yeye, Kalin, lilikuwa faili jipya.

"Mama, wewe huwa huanzi na karatasi tupu?"

"Karatasi tupu ya nini? Mapambo yote yamo, msalaba umo, maneno yamo. Aliyetangulia anamwachia nafasi anayefuata. Hata marehemu baba yako alifanya hivyo, kwa taipureta alifanya hivyo!"

"Kile kidirisha. Kilikuwa kinakwambia hakiwezi kuhifadhi hapo, na kinauliza kama kihifadhi nakala mahali pengine."

"Na wewe ukasema bonyeza sawa."

"Nilisema."

Valko akazima sigara. Kalin alikwenda kaunta, akamkuta Lazar mahali alipodhani, ndani ya kompyuta ya kaunta yenyewe, kwenye nyaraka za Zdravka, ametulia na ukingo wake mweusi. Angeweza kumtuma kwenye folda kwa jina jipya na angefika. Hilo alikuwa na hakika nalo. Hata hivyo alitoa flashi mfukoni, akamnakili, akambeba kwa miguu hadi chumba cha nyuma.

"Miaka mitano ya chuo kikuu," Zdravka alisema nyuma yake, "na mwisho unabeba faili mkononi kama mkate."

Printa ikaanza. Valko alichukua karatasi ya kwanza kabla haijamaliza kutoka, akaigeuza, akasoma kwa sauti kila neno mpaka saa ya mazishi. Wakati zile nyingine zinafuata, Kalin aliandika amri mbili: moja ya kumtoa mgeni kwenye umiliki wa mafaili yote ya folda ile na kumweka zdravka, nyingine ya kuhakikisha kwamba chochote kitakachozaliwa humo kiwe cha wote wawili, yeye na Valko. Kisha akaenda kaunta, akafungua tanzia ya Mwalimu Evdokia, akafuta jina, akaandika la Lazar, akahifadhi juu yake. Hakikutoka kidirisha. Akalifunga, akalifungua tena. Lazar.

Basi la Sofia lilipita mbele ya duka. Mbandikaji ndiye aliyeligundua, akasema, "Lile lako." Kalin alikuwa anahesabu selotepu.

Waligawana mji: Stamena na baiskeli kwenye maghorofa, Zdravka sokoni na kwenye maduka, Valko, ambaye goti lake halipendi ngazi, kituo cha basi na barabara kuu. Kalin akapewa bandari.

"Zile za mwalimu mzibandue," Kalin alisema wakiwa mlangoni. "Zitawachanganya watu."

Stamena akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi sibandui maiti. Tanzia inabanduliwa na mvua, inabanduliwa na upepo. Mkono wa mtu, hapana."

"Basi bandika juu yake."

"Juu ya uso wake? Mwanamke aliyenifundisha kusoma?"

"Pembeni, basi! Pembeni, chini, popote, twende!"

Kwa hiyo milango ilipokuwa myembamba Lazar alikaa chini ya mwalimu, usawa wa goti la mtu. Kalin alianza kwa shangazi Rusanka. Alibandika kwenye mlango wa jengo, akapanda ghorofa ya pili, akabandika na kwenye mlango wake. Alitaka kushuka kimyakimya. Mlango ukafunguka.

"Kosa ni langu, shangazi," alisema. "Si la mama wala la Stamena. Nilibadilisha njia ya kuingia kwenye mafaili, na sikujaribu kwa namna mama anavyofanya kazi. Karatasi za asubuhi zilikuwa si za Lazar. Hizi ndizo. Zinabandikwa sasa."

Rusanka alimsikiliza mpaka mwisho. "Unaongea kama taarifa ya habari," alisema. "Sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita kasoro."

"Basi usisimame hapa."

Lango la bandari. Ukuta wa forodha. Kituo cha mafuta, ambako kijana wa pampu alikataa, kisha akakubali. Mvua ilikuwa imekoma lakini kuta zilikuwa na unyevu, selotepu ikateleza, ikabidi afute kila mahali kwa mkono wa koti lake. Ndani ya mgahawa wa wastaafu karibu na reli kulikuwa na meza moja tu yenye watu, wazee watatu na karata. Alibandika mlangoni kwa nje, akafikiri, akaingia.

"Samahani, wazee. Kuna anayemjua Lazar wa winchi?"

"Lazar yupi?" alisema mwenye kofia ya ubaharia, bila kuinua macho. "Mrefu?"

"Walikuwa wawili," alisema wa pili. "Yule mwingine alikuwa wa gati la makaa."

"Huyo alikufa zamani. Cheza."

Kalin hakujua Lazar huyu alikuwa wa gati gani. Aliweka karatasi moja katikati ya meza, juu ya karata. Wa kofia akaisogeza mbali na macho yake mpaka mkono ulipoishia.

"Hapa alikuwa kijana," alisema. "Picha ya zamani hii. Simtambui vizuri." Akasoma chini. "Leo?"

"Leo, saa nane."

"Na mnabandika saa sita? Siku hizi mnazika watu kwa siri?"

"Tumechelewa, mzee. Ni kosa letu."

"Mimi saa nane nina daktari," alisema wa tatu, akavuta karata zake kutoka chini ya karatasi.

Kalin akaondoka. Alimaliza za mwisho kwenye ukuta wa bohari ambako pengine hapiti mtu, akapanda kilima cha makaburi kwa miguu kwa sababu teksi haikuonekana.

Saa nane kasoro dakika kumi, ndani ya kikanisa cha makaburini, jeneza lilikuwa wazi katikati. Walikuwapo Rusanka, jirani yake wa ghorofa ile ile, Zdravka, Valko na Stamena, ambaye bado alikuwa na kibanio cha baiskeli kwenye suruali. Padri alikuwa amevaa tayari. Zdravka alimtazama mwanawe, akainua kidevu kuelekea mlangoni. Kalin akapandisha mabega. Hakuona mtu njiani.

Saa nane kamili Padri alikohoa.

"Padri," Rusanka alisema, "dakika tano."

"Mama Rusanka, saa tisa nina mwingine kule kijijini. Nao wananingoja."

"Yule atangoja. Huyu naye amengoja tangu jana."

Padri akatazama saa yake, kisha mlango. "Tano," alisema.

Kalin alitoka nje. Alisimama kwenye ngazi, akashuka hadi lango, akarudi, akashuka tena. Kilimani walikuwa wanapanda wanawake wawili na maua ya njano. Wakamuuliza kama hapa ndipo kwa Lazar, wamesoma dukani kwa mkate, mmoja wao mumewe alifanya kazi naye. Akawaonyesha. Akaja mwanamume mmoja peke yake, amevaa koti la suti juu ya sweta, akaingia ndani. Kisha lango likawa tupu. Ndani Padri alianza kugeuza kurasa za kitabu chake, na sauti ya karatasi ilisikika mpaka kwenye ngazi.

Gari dogo jekundu lilipanda likiguna, likasimama limepinda. Wakashuka wale watatu wa karata, na yule mwenye miadi ya daktari ndiye aliyekuwa anaendesha, na nyuma yao wakatoka wengine wawili ambao Kalin hakuwaona mgahawani. Mwenye kofia ya ubaharia aliivua mlangoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akainama, akamtazama marehemu usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

"Ni yeye," aliwaambia wenzake. "Ni wetu."

Wakasogea, wakajipanga upande wa kulia wa Rusanka, na Padri akawasha chetezo.